Mkakati wa uchumi wa kibayolojia wa mkoa wa vijijini: tuanze na kiwanda au na hesabu ya malighafi?

Karani wa Kamati aliuliza:

Wadau, nawasalimu. Nimeteuliwa kuwa karani wa kamati ndogo inayoandaa mkakati wa miaka 10 wa uchumi wa kibayolojia katika mkoa ambao wakazi wake wengi wanaishi kwa kilimo, mifugo na misitu ya kupandwa. Kwa maneno "uchumi wa kibayolojia" tunakusudia shughuli zote zinazotumia mimea, miti, wanyama na vijidudu, pamoja na mabaki yao, kutengeneza chakula, vifaa, kemikali na nishati, badala ya kuendelea kutegemea mafuta ya petroli na bidhaa zake. Rasimu niliyokabidhiwa ina kurasa 60. Neno "endelevu" nimelihesabu humo mara 43. Neno "mzani" halimo hata mara moja.

Kiini cha rasimu ni mtambo mmoja mkubwa, utakaojengwa karibu na makao makuu ya mkoa, upokee samadi, mabua na mabaki ya viwanda vya mbao kutoka wilaya zote, uzalishe umeme wa kuuza kwenye gridi, kisha hapo baadaye upanuliwe ili utengeneze bidhaa za thamani kubwa zaidi. Mjumbe mmoja anaona afadhali mitambo midogo katika kila tarafa. Mwingine anashikilia kwamba tusiandike lolote la maana mpaka apatikane mwekezaji, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua soko.

Ninachoomba mnisaidie ni kujua, kwanza, ukubwa wa mtambo huamuliwa na nini hasa. Pili, tutathibitishaje kwamba malighafi inayotajwa kwenye majedwali ipo kweli. Na tatu, nani awe mwenye mali. Nimesoma mikakati ya wakubwa, ule wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012 uliorekebishwa 2018 na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaoanzia 2021/22 hadi 2031/32. Imenisaidia kupata lugha na vipaumbele, lakini imeandikwa kwa kimo cha nchi na jumuiya, haishuki hadi kwenye swali la lori moja la samadi litembee kilomita ngapi.

Mhandisi Mstaafu alijibu:

Ndugu Karani, lori hilo hilo ulilolitaja ndilo la kuanzia, na hesabu yake haihitaji mtaalamu wa kukodiwa. Samadi ya ng'ombe iliyochanganyika na mkojo na maji ya kuoshea banda huwa na maji kwa takriban asilimia 90, na tani moja ya mchanganyiko huo hutoa kama meta za ujazo 25 za bayogesi, yaani gesi ya kuwaka inayotokea vijidudu vinapoichachusha samadi. Meta moja ya ujazo, ikiwa asilimia 60 yake ni methani, ina nishati ya kilowati-saa 6 hivi, ambapo jenereta ya kawaida itakutolea kilowati-saa 2 za umeme na nyingine kuondoka kama joto. Kwa hiyo lori la tani 10 limebeba umeme wa kilowati-saa 500. Sasa lipeleke kilomita 50 na ulirudishe tupu: litakunywa kama lita 30 za dizeli, ambazo zina nishati ya kilowati-saa 300. Najua dizeli na umeme havilinganishwi moja kwa moja, lakini uwiano huo peke yake unatosha kukutia shaka, na hapo hujamlipa dereva wala hujahesabu safari ya pili ya kulirudisha shambani tope linalobaki baada ya gesi kutoka. Umekuwa ukisafirisha maji.

Mbao ni habari nyingine. Kilo moja ya mti uliokatwa leo, ambao nusu ya uzito wake ni maji, ina kama kilowati-saa 2.2, ukiuacha ukauke mpaka unyevu ubaki asilimia 20, kilo moja inakuwa na kilowati-saa 4. Mbao zilizokauka zinaweza kusafiri mbali na zikalipa nauli yake, samadi haiwezi. Kuzitia bidhaa hizo mbili katika mtambo mmoja wa katikati ya mkoa, kama rasimu yako inavyotaka, ni kuilazimisha moja ifuate mwendo wa nyingine. Samadi ijengewe ilipo mifugo, na mbao zikaushwe kwanza, kisha zipelekwe kwa mnunuzi anayehitaji joto.

Nasisitiza joto, si umeme, na sababu yangu ni Güssing. Huo ni mji wa watu wasiofika 5,000 mashariki mwa Austria, karibu na mpaka wa Hungaria, ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa katika eneo maskini kuliko mengi ya nchi hiyo, vijana wake wakisafiri kwenda kutafuta kazi kwingine. Mwaka 1990 baraza la mji liliamua majengo yake yaachane na nishati ya mafuta na gesi. Wanaousimulia mji huu hukimbilia mtambo wake maarufu na kuruka hatua ya kwanza, nayo ilikuwa kuziba upotevu: majengo ya umma yalikarabatiwa yasivujishe joto, na gharama zikashuka kabla ya tanuri lolote jipya kuwashwa. Mwaka 1996 ukaanza mtandao wa mabomba ya kupeleka majumbani joto la kuni. Mwaka 2001 ukafuata mtambo wa kugeuza mbao kuwa gesi, uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna, ukilishwa mbao zenye nguvu ya megawati 8 na kutoa takriban megawati 2 za umeme na 4.5 za joto. Viwanda vya mbao za sakafu vilikuja kufuata joto la bei nafuu, na mabaki ya viwanda hivyo yakageuka kuwa malighafi ya mitambo ya mji. Hapo ndipo kazi zilipoongezeka, wala si ndani ya chumba cha jenereta.

Mwaka 2016 mtambo ule wa gesi ulizimwa. Teknolojia ilikuwa ikifanya kazi. Kilichokwisha ni muda wa bei maalumu ya umeme iliyokuwa imewekwa kisheria, na wakati huo bei ya mbao ilikuwa imepanda kwa kuwa mitambo mingi nchini, iliyojengwa kwa ruzuku ya aina ile ile, ilikuwa inagombea mbao zile zile. Basi sura ya fedha katika rasimu yenu iandikwe mara mbili, mara ya pili ikichukulia kwamba gridi inalipa nusu ya bei mnayoitarajia. Ikiwa mkakati mzima unaanguka katika toleo hilo la pili, mjue hivyo sasa, mkiwa bado mko kwenye karatasi.

Bibi Shamba alijibu:

Namuunga mkono Mzee Mhandisi kuhusu lori, ila naona hata yeye anazungumza kana kwamba mabaki yamekaa mahali yakingoja kuchukuliwa. Katika miaka yangu ya ugani sijapata kukutana na mabaki yasiyo na mwenyewe.

Niliwahi kushiriki tathmini ya namna mnayoihitaji. Tulichagua shamba la hekta moja baada ya mavuno, tukakata mabua yote yaliyosimama, tukayafunga na kuyapima mzigo kwa mzigo kwa mzani wa kuning'iniza juu ya tawi, karani wetu akiandika kwenye daftari lililokuwa limejaa vumbi hata kalamu ikawa inakwaruza. Jioni tuliiacha mizigo shambani ili tumalize kesho yake. Asubuhi karibu robo haikuwapo. Hakuwa mwizi, alikuwa jirani mwenye ng'ombe, ambaye huchukua mabua ya shamba lile kila mwaka kwa malisho, naye humletea mwenye shamba samadi kabla ya mvua. Mwenye shamba alishangaa sisi kushangaa. Mapatano yale hayakuandikwa popote, wala hayamo katika takwimu za ofisi yoyote, na katika jedwali la mshauri tuliyekuwa naye mabua yale yalikuwa yameingizwa kwa asilimia 100 kuwa "malighafi isiyotumika".

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba jedwali linahitaji safu ambayo kwa kawaida huachwa: nani anakitumia kitu hiki sasa hivi, na atatumia nini badala yake kikiondoka. Mabua hulisha mifugo, hufunika udongo usichomwe na jua na usisombwe na mvua, na katika nyumba nyingi huwasha moto. Maranda na mabanzi ya kiwanda cha mbao huchomea matofali au hutandikwa kwenye mabanda ya kuku. Kinachobaki baada ya kuondoa yote hayo, na baada ya kuuachia udongo fungu lake, ndicho mkoa unaweza kukiita malighafi, na mara nyingi ni sehemu ndogo kuliko ilivyoandikwa.

Kuhusu fungu la udongo, tofauti kati ya kuchoma na kuchachusha iwe wazi katika mkakati, kwa sababu wanasiasa huziona kuwa jambo moja. Mabaki yakichachushwa katika mtambo wa bayogesi, kinachoondoka na gesi kwa sehemu kubwa ni kaboni. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu hubaki kwenye tope, tena nitrojeni ikiwa katika hali ambayo mmea huifyonza upesi. Yakichomwa, nitrojeni hupotelea hewani na moshi, na majivu hubaki na fosforasi na potasiamu pamoja na madini mengine. Tope au majivu yasiporudi shambani, mtakuwa mnauza rutuba ya mkoa kwa kilowati-saa. Nami ningependa kuona bajeti ya kulirudisha tope ikiwa imeandikwa ukurasa ule ule wenye bajeti ya mtambo, badala ya kutupwa kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayekisoma.

Jambo moja zaidi, maana najua mjumbe fulani atapendekeza mazao ya nishati. Ujerumani ilipoongeza malipo mwaka 2004 kwa bayogesi inayotokana na mazao yaliyolimwa makusudi, wakulima walifanya hesabu ambayo mkulima yeyote angeifanya: tani ya mahindi yaliyovundikwa hutoa gesi karibu mara nane ya tani ya samadi. Mahindi yakatanda. Kufikia mwaka 2012 sheria ililazimika kuweka ukomo, kwamba katika mitambo mipya mahindi na nafaka visizidi asilimia 60 ya uzito wa malighafi. Wakulima wale hawakuvunja sharti lolote, walifuata bei.

Msimamizi wa Korona alijibu:

Mimi si mtu wa mikakati. Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, kwa miaka minane, nami naomba kueleza nilichokuwa nakiona.

Jani la mkonge huingia kwenye mashine likiwa gumu na la kijani, hupigwa na visu butu vya ngoma inayozunguka huku maji yakimwagwa juu yake, na upande wa pili hutokea singa, yaani nyuzi za mkonge, zikiwa nyeupe, zimelowa, zinaning'inia kama nywele zilizotoka kuoshwa. Mgeni akiletwa pale husimama upande wa singa na kupigwa picha. Upande wa pili kuna mfereji. Humo hutiririka tope zito la kijani ambalo siku ya kwanza lina harufu ya majani yaliyokatwa na siku ya tatu linanuka uchachu wa kukereketa koo, na maji yake yakikugusa mkononi yanawasha. Kilo 100 za majani mabichi hutoa singa kavu zisizozidi kilo 5. Zilizosalia, kilo 95, ndizo zilizokuwa zikipita mbele yangu kuelekea bondeni, na kwa miaka mingi tulizihesabu kuwa kazi ya mzoa taka.

Huko Hale, mkoani Tanga, tope la namna hiyo lilitumika katika miaka ya 2000 kwa mtambo wa majaribio wa bayogesi wa kilowati 150, kwa ufadhili wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Ninachokipenda katika wazo lile si kilowati zake. Ni kwamba malighafi ilikuwa tayari imekusanywa: mtu mwingine alikwisha kulipia kukata, kubeba na kusaga kwa ajili ya singa, na tope likawa limefika mlangoni bila nauli. Ndugu Karani, kabla ya kuhangaika na mabua yaliyotawanyika kwenye mashamba elfu, orodhesha kila mahali mkoani ambapo mabaki yametupwa kwa lundo moja na kiwanda kilichopo: machinjio, kiwanda cha maziwa, mashine za kukoboa, viwanda vya mbao, masoko. Orodha hiyo inatosha ukurasa mmoja, na kila mstari wake una mtu wa kumpigia simu.

Tena historia ya mkonge ina onyo kwa anayepanga kuegemea zao moja lenye soko moja. Miche ya kwanza ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, nayo iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 ilitoa takriban tani 230,000. Sehemu kubwa ya singa hizo ilikwenda kusokotwa kamba, hasa za kufungia majani ya mifugo katika nchi za wakulima wenye mashine. Zikaja kamba za plastiki. Sababu za anguko zilikuwa nyingi, na namna mashamba yalivyoendeshwa baada ya kutaifishwa mwaka 1967 imo, lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa mwaka ulikuwa chini ya tani 30,000. Reli zilikuwapo, mashine zilikuwapo, wafanyakazi waliijua kazi. Kilichokosekana ni matumizi ya pili ya jani lile lile.

Mpenda Viwanda alijibu:

Naomba kupinga kidogo mwelekeo wa mazungumzo, kwa sababu naona tunaelekea kwenye imani kwamba kidogo ndicho kizuri. Mitambo midogo ya tarafa nimeiona ikifa kwa sababu ndogo: fundi mmoja amehama, pampu imeziba, hakuna aliyepima uchachu wa tope kwa mwezi mzima, vijidudu vimekufa, na watu wamerudi kwenye kuni. Mtambo mkubwa unaweza kumwajiri mtu wa maabara, mdogo hauwezi.

Hata hivyo mkubwa hauzuki kwa amri. Huko Bazancourt-Pomacle, karibu na Reims nchini Ufaransa, kuna eneo ambalo leo linatajwa kila panapozungumzwa viwanda vya kibayolojia. Lilianza mwaka 1953 na kiwanda cha sukari ya viazisukari. Vikaongezeka kiwanda cha wanga na glukosi ya ngano, kisha cha ethanoli, vyote vikiwa jirani kiasi cha kupeana mvuke na maji, huku hewa ya kaboni inayotoka kwenye uchachushaji wa ethanoli ikikusanywa na kuuzwa badala ya kuachwa ipotee. Mwaka 1989 vyama vya ushirika vya wakulima wa huko vilianzisha kampuni yao ya utafiti, ARD. Hesabu hiyo miaka: kutoka sukari hadi utafiti ni 36. Rasimu inayosema mtambo wa umeme "utapanuliwa baadaye" kwenda kwenye kemikali ndani ya miaka 10 imeandikwa na mtu mwenye haraka.

Pendekezo langu ni kugawa kazi kwa hatua, si kwa ukubwa. Kukausha, kukamua, kubana na kufunga kufanyike karibu na shamba, kwa mashine ambazo fundi wa kijijini anaweza kuzitengeneza. Hatua inayohitaji mvuke, maji mengi na maabara ikae mahali pamoja, tena ikiwezekana kwenye ua wa kiwanda kilichopo chenye boila isiyotumika vya kutosha.

Msisahau kalenda pia. Mauritius wamefanikiwa kwa miaka mingi kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa, ambayo ni karibu asilimia 30 ya uzito wa muwa na nusu yake ni maji. Lakini miwa huvunwa takriban miezi sita, na nje ya msimu maboila hayo hayo yamekuwa yakilishwa makaa ya mawe kutoka ng'ambo. Hakuna aliyedanganya, boila ni ghali mno kulala nusu mwaka. Mkakati wenu uoneshe mwezi kwa mwezi nini kitaingia tanurini, la sivyo makaa yataingia yenyewe.

Karani wa Kamati:

Nawashukuru nyote, na nakiri kwamba Msimamizi wa Korona amenipa orodha ambayo kamati yetu haikuifikiria kwa miezi mitatu. Kuhusu umiliki bado nimekwama. Kuna kampuni imeonesha nia, nayo inataka mambo mawili kabla ya kuja: ardhi ya kutosha kupanda miti yake yenyewe, na mkataba wa miaka 25 ambao wakulima na wenye viwanda vya mbao hawatauza mabaki kwa mtu mwingine. Wajumbe wengine wanaona hili ni jambo la kawaida. Je, ni la kawaida?

Mwanaushirika alijibu:

Kuomba ni kawaida. Kukubali yote mawili kwa pamoja ni kumpa mtu mmoja malighafi, bei na mahali pa kusimama.

Nianze na ardhi. Katikati ya miaka ya 2000 mbono kaburi ulisifiwa kama mmea wa mafuta ya dizeli usiohitaji udongo mzuri wala maji. Nchini Tanzania kampuni za kigeni zilipata maelfu ya hekta kwa ajili yake, Kilwa na Kisarawe zikiwa miongoni mwa wilaya hizo. Mavuno kwenye udongo dhaifu yalikuwa dhaifu, kama ambavyo mkulima yeyote angetabiri. Mashudu yake yana sumu, kwa hiyo hata mifugo haikufaidika. Na baada ya miaka michache kampuni zikasimama. Tatizo lililobaki lilikuwa la kisheria: ili mwekezaji apewe, ardhi ya kijiji ilikuwa imehamishwa kuwa ardhi ya jumla, isiyosimamiwa tena na kijiji, na mwekezaji alipoondoka haikurudi kijijini yenyewe. Ikiwa kampuni yenu inahitaji miti, wananchi wapande na kuiuzia. Ikilazimu kuwapo ardhi, iwe ya kukodi, mwenye ardhi akiendelea kuwa ni yule yule, na mkataba useme kwa maneno mepesi siku kampuni ikifunga ardhi inarudi kwa nani.

Mkataba wa mabaki ndio nilioumia nao mwenyewe. Ushirika wetu ulikuwa unauza mabanzi na maranda kwa kiwanda kimoja, kwa uzito. Kiangazi kiwanda kilinung'unika kwamba lori ni jepesi. Masika sisi tulifurahi, mpaka siku tulipoambiwa bei ya tani imepunguzwa kwa theluthi kwa sababu "mzigo una maji". Walikuwa wanasema kweli kuhusu maji, lakini kiasi walikikadiria kwa kutazama, na aliyetazama alikuwa karani wao. Miezi minne ya ugomvi ilimalizwa na tanuri dogo la maabara. Kila lori likifika, vinachukuliwa viganja kadhaa kutoka sehemu tano za mzigo, vinachanganywa, gramu 200 zinatiwa kwenye sinia ya bati, zinalala tanurini kwa nyuzi 105 mpaka uzito ukome kupungua, asubuhi zinapimwa tena mbele ya mtu wa ushirika na mtu wa kiwanda. Tofauti ndiyo maji. Tukaanza kulipwa kwa tani kavu. Katika msimu wa kwanza wanachama, bila kuhubiriwa na yeyote, walianza kujenga vibanda vya kuanikia mabanzi, kwa kuwa sasa kukausha kulikuwa na faida kwao.

Kwa hiyo kama mtasaini, sisitizeni malipo kwa uzito mkavu au kwa nishati, kipimo kishuhudiwe na pande mbili, bei ipitiwe kila mwaka kwa kanuni iliyoandikwa, na sehemu fulani ya mabaki ibaki huru kuuzwa popote, tuseme theluthi moja, ili pawepo bei ya kulinganisha. Miaka 25 ni mingi mno. Muda wa mkopo wa mashine unatosha. Na umiliki, kwa maoni yangu, muushike kwenye hatua ile ambayo Mpenda Viwanda aliiweka karibu na shamba. Ushirika hauna mtaji wala ujuzi wa kuendesha kiwanda cha kemikali, lakini kukausha, kubana na kupima unaweza, na anayeuza bidhaa iliyokauka na kupimwa anaweza kumbadilisha mnunuzi. Anayeuza lundo bichi hawezi, kwa sababu litaoza kabla hajampata mwingine.

Mpenda Viwanda:

Hapo nakubaliana na Mwanaushirika isipokuwa theluthi. Benki haitakopesha kiwanda chenye uhakika wa theluthi mbili tu za malighafi. Anzeni na robo.

Karani wa Kamati:

Nimeipanga upya rasimu. Sura ya mtambo nimeiondoa kutoka mwanzoni nikaiweka ya tano, na mbele yake nimeweka orodha ya malundo yaliyopo, jedwali lenye safu ya "anayetumia sasa", kalenda ya miezi 12, na sura ya fedha yenye matoleo mawili. Mwenyekiti amelalamika kwamba dira imebaki nusu ukurasa. Kampuni tumeijibu kwamba ardhi haipo, ila tuko tayari kuzungumzia mkataba wa miaka minane, huku robo ya mabaki ikibaki huru kuuzwa popote.

Limebaki jambo moja la utendaji. Tuna fedha za kupima mashamba 40 tu kwa mzani, na mara moja tu. Bibi Shamba, ungekuwa wewe ungeyapima lini?

Bibi Shamba:

Ningepima mashamba 20 mara mbili. Mara ya kwanza iwe wiki moja baada ya mavuno, mara ya pili siku chache kabla ya kuandaa shamba kwa msimu mpya, katika mashamba yale yale. Kilichopungua kati ya siku hizo mbili kimeliwa, kimechomwa, kimeoza au kimebebwa, na mwenye shamba atakuambia ni kipi ukimuuliza akiwa amesimama hapo hapo shambani. Msimuulize ofisini.